Lebo ya Bi Macho

Mwanangu Nasra,

Assalaam alaykum. Yale ya "sisi huku hatujambo, sijui nyinyi huko" nayaruka, maana wewe bado hujaondoka. Kikombe chako cha chai kipo hapa mezani, umekiacha nusu kama kawaida yako, na baba yako yuko ukumbini anapigana na sanduku lako lisilotaka kufunga. Umekwenda mtaani Ng'ambo kuwaaga shangazi zako. Najua hawatakuachia kabla hawajakulisha mara tatu, kwa hiyo ninao muda mpaka magharibi, na nimefunga mlango wa chumba.

Mambo ya kula vizuri, kuswali kwa wakati, kuvaa sweta na kutozoeana na kila mtu utakuwa umeshaambiwa na hao shangazi zako. Wao ni mafundi wa hayo na hawachoki. Mimi nina jambo moja tu, na nalisema sasa hivi kabla sijaanza kuzunguka, maana unanijua kwa kuzunguka.

Bi Macho hakutoka Makunduchi.

Nimeiandika hiyo sentensi nikaitazama muda mrefu. Mwandiko wangu ambao kazini wote walikuwa wakiusifu leo unafanana na wa mtoto wa chuo cha Kurani. Naogopa, mwanangu. Keshokutwa utapanda meli ya utafiti Dar es Salaam, na katika safari hiyo siku mbili nzima zimetengwa za kuteremsha kamba na kamera kwenye kilindi cha Makunduchi. Zimetengwa kwa sababu wewe uliziomba, na wewe uliziomba kwa sababu ya kipande cha karatasi nilichokiandika mimi, lebo iliyo ndani ya chupa ya yule samaki wetu. Kwenye ile karatasi, pale penye "Mahali", niliandika uongo. Nilijua ni uongo nilipokuwa nikiuandika.

Basi nisikilize tangu mwanzo, halafu ndiyo ukasirike.

Wewe ulikuwa bado unatambaa. Mimi nilikuwa mfagiaji kwenye kile kituo cha samaki ambacho sasa kimefungwa. Nilifagia, nikapiga deki, nikaosha machupa ya kuhifadhia samaki. Siku moja mkuu wa kituo aliiona orodha ya sabuni niliyoiandika, akauliza, "Bi Salma, huu mwandiko wako?" Nikasema naam. Tangu siku ile nikawa naandika lebo zote. Walikuwapo pale waliosoma Ulaya, lakini lebo ziliandikwa na mfagiaji, na sikufichi, nilivimba kichwa. Nilijifunza kwamba lebo huandikwa kwa penseli, maana wino ukiingia kwenye spiriti unayeyuka na penseli inabaki. Nilijifunza pia kwamba samaki asiye na lebo ni kitoweo kilichoharibika, na mwenye lebo ni ushahidi.

Asubuhi moja mjomba wako Makame akaja kutoka Nungwi na polo la gunia begani. Wakati ule alikuwa kijana wa dhulumati, ile kamba ndefu ya ndoana nyingi inayozamishwa kilindini kutafuta papa. Mkono wake wa kulia ulikuwa umevimba mpaka kwenye kiwiko.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Mkono umefanya nini?"

"Kanchoma huyu mwanaharamu." Akalimwaga polo sakafuni, sakafu ambayo nilikuwa nimeshaipiga deki. "Mnadani dalali kamkataa. Kasema hawezi kunadi kitu asichokijua jina."

Wewe unamjua Bi Macho alivyo chupani, mweupe kama aliyechemshwa. Mimi nilimwona na rangi yake, kahawia iliyochanganyika na fedha, na macho makubwa ya kijani yaliyokuwa yanang'aa ingawa alikuwa ameshakufa. Ngozi yake ilikuwa laini, haina ule msasa wa papa. Mkia mwembamba, unaishia kama ujiti wa ukuti. Mgongoni, mbele ya pezi la kwanza, mwiba mmoja mrefu, nao ndio uliomchoma mjomba wako. Nikamfungua mdomo kwa kijiko. Hakuwa na meno ya papa, yale yanayong'oka na kuota mengine. Alikuwa na vibamba vigumu, vinne juu na viwili chini, vya kusagia kombe na kaa. Na papa ana mianya mitano ya kupumulia shavuni. Huyu alikuwa na mmoja tu kila upande, tena umefunikwa.

"Ni papa au si papa?" nikamwuliza Makame.

"Ukin'uliza mie, alianzwa papa akaachwa katikati."

"Hebu staghafiru!" nikamwambia, lakini nilicheka.

Halafu nikamwuliza alikomvua.

Wewe umezaliwa mjini, huujui uzito wa swali hilo. Mnadani mtu atakuuliza bei, atakuuliza afya ya mama yako, hata mahari uliyotoa atakuuliza. Hakuulizi ulikovulia. Mvuvi hupajua mahali pake kwa kuoanisha alama mbili za nchi kavu, hii ikae juu ya ile, na alama hizo humwachia mwanawe kama wengine wanavyoacha shamba la mikarafuu. Lakini mimi ni dada yake, tena mkubwa. Akaninong'oneza alama zote mbili, na pima za kamba aliyoteremsha. Alama hizo sikuandikii hapa, na utaona kwa nini. Wala usidhani kwamba kwa kuwa yeye ni mtu wa Nungwi basi ni Nungwi. Wavuvi wa kwao hupiga dago, kambi za msimu, hata kisiwa cha pili.

"Hiyo amana, dada," akasema. "Usiandike." Binamu yake mmoja aliwahi kumwonyesha rafiki mwamba wake, na msimu uliofuata yakaja majahazi ya mashine yakausafisha, hakubaki hata samaki changu mmoja.

Mchana mkuu wa kituo alipomwona yule samaki alifurahi kama mtoto siku ya Idi. Aliwaita wenzake wote wakajazana mezani. "Bi Salma, amepatikana wapi?" Penseli ilikuwa mkononi mwangu na watu watano wananitazama. Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kusema najua ila nimekatazwa. Lakini mimi nilikuwa mfagiaji aliyepewa penseli, na niliona nikisema sijui, penseli itarudi kwao. Nikatazama ramani ukutani, nikachagua mahali ambapo Makame hajawahi kutupa kamba maishani mwake. Nikaandika: "Mashariki ya Makunduchi, pima 200." Pima zilikuwa za kweli. Hata uongo wangu niliutia usahihi kidogo, ndivyo nilivyo.

Huo ni wa kwanza. Wa pili ndio mbaya.

Ulikuwa na miaka tisa. Spiriti ilikuwa imegeuka rangi, ikabidi Bi Macho ahamishwe chupa, na lebo ilikuwa imechakaa pembeni nikatakiwa kuandika nyingine ikae pamoja nayo. Tulikuwa wawili tu chumbani. Hapakuwa na mkuu wala wa kunitisha. Wewe ulikuwa umetoka skuli, umepanda juu ya kigoda umebandika pua kwenye kioo, na jina la Bi Macho ulikuwa umeshampa zamani. Ukaniuliza, "Mama, Bi Macho kwao wapi?" Nikakishika kidole chako nikakiweka kwenye ramani, juu ya Makunduchi. Halafu nikakaa nikanakili uongo wangu kwa mwandiko mzuri zaidi kuliko mara ya kwanza, hata vumbi la penseli nikalipuliza. Ile lebo ya kwanza naweza kuitupia hofu. Hii ya pili sina wa kumtupia. Kila nikikumbuka kile kidole chako, kilikuwa na wino wa skuli, natamani ardhi ipasuke.

Nilidhani utamsahau kama watoto wanavyosahau. Wapi! Kidato cha tatu ulipanda ngazi mbio unapiga kelele, "Mama, Bi Macho ni bwana!" Ukanipeleka kituoni ukanionyesha vile vijiti viwili vya nyuma, kama alivyo navyo papa dume, na kile kirungu kidogo chenye miiba kwenye paji la uso, ambacho papa hana, cha kumshikilia jike. Tulicheka mpaka nikakaa chini. Tukakubaliana jina lake libaki, mtu mzima habadilishwi jina.

Ulipokwenda chuo kikuu ukanifundisha ukoo wake. Ulinichorea nyuma ya bahasha: papa na samaki taa tawi moja, Bi Macho na wenziwe tawi lao peke yao, wote hawana mifupa ila gegedu, lakini wameachana zamani mno, binadamu hajulikani kama atakuwepo. Ukasema taya lake la juu limeungana na fuvu moja kwa moja, ndiyo maana kundi lao wataalamu wakaliita vichwa vizima. Wapo wa pua ndefu, wapo wa pua ya jembe, na wetu ni wa pua butu. Ukasema pia kwamba wataalamu wakubwa walikosea mara nyingi kuwapanga, na kwamba jina lililokosewa vitabuni halifutwi. Linaandikwa chini ya lililo sahihi, pamoja na jina la aliyekosea.

Nikasema, "Hiyo aibu gani tena hiyo?"

Ukanijibu, "Si aibu, mama. Ndivyo tunavyojua nani alitazama nini."

Ningekwambia siku ile. Maneno yalikuwa yameshafika mdomoni. Badala yake nikakuuliza kama utakula muhogo.

Halafu mwezi uliopita ukaja na ile habari. Umempima upya, mwiba wake na ile mistari ya kichwani havilingani na aina yoyote iliyoandikwa, huenda hana jina duniani. Na akipewa jina, mahali alipotoka patachapwa pamoja nalo, na kila atakayemtafuta, hata baada ya sisi sote kufa, ataanzia hapo. Ukasimulia jinsi mkuu wa safari alivyokuuliza una hakika gani na mahali penyewe, na wewe ukamjibu, "Lebo kaandika mama yangu. Mama hakosei lebo." Baba yako akapiga makofi. Mimi nikaenda jikoni kutazama chungu ambacho hakikuwepo motoni.

Alhamisi nilikwambia nakwenda kumtazama mgonjwa. Nilikwenda Nungwi.

Mjomba wako nilimkuta barazani anafunga ndoana za wanawe. Yeye haendi tena, mgongo umekataa. Wanawe wawili ndio wanaokwenda, mahali pale pale. Alifurahi kuniona, akaniletea maji ya dafu, na mimi sikuweza kuyanywa.

"Makame," nikamwambia, "nnataka unifungue ile amana."

"Amana ipi?"

"Ya yule samaki aliyekuchoma."

Akautazama mkono wake, kovu bado lipo. "Hata! Dada, watoto wangu wanakula pale. Ukimwambia Nasra ushaiambia dunia. Kazi yake yule si kuandika?"

"Meli inakwenda Makunduchi kwa maneno yangu mie."

"Makunduchi kufanya nini?"

"Ndiko nlikoandika."

Akaziweka ndoana chini. "Uliandika Makunduchi?"

"Wewe si ulinambia nsiandike?"

"Nlikwambia usiandike," akasema, taratibu, kama anayesema na mtu mzito wa kusikia. "Sikukwambia uandike uongo. Ungeacha tupu, dada."

Ungeacha tupu. Nimezeeka nikijisifu moyoni kwamba nilidanganya kwa ajili ya ndugu yangu, kwamba mzigo ule nilimbebea yeye. Kumbe yeye hakunitwika. Alichohitaji ni nafasi tupu isiyozidi urefu wa kidole, na mimi nikaijaza kwa sababu nilitaka nionekane najua. Pangekuwa tupu watu wangeuliza, na labda siku moja wangemwuliza mwenyewe. Nilipoandika Makunduchi wote wakaacha kuuliza, na wewe ukiwa wa kwanza.

Nikalia pale barazani kwake, na wapita njia wakaniona. Nikamwuliza, basi mtoto afanye nini? Akaokota ndoana moja, akamaliza kuifunga.

"Miaka yote hii anamtazama samaki wangu," akasema, "hajaja hata siku moja kun'uliza mie mwenyewe. Na aje. Nimtazame usoni. Ntamwambia au ntamnyima, sijui. Lakini ntasema na yeye, si na karatasi."

Basi ndivyo mambo yalivyo. Sijui atakujibu nini. Huenda akakupa alama zote mbili, huenda akakupa upande wa kisiwa tu ukaandike huo, huenda akakunywesha chai akakurudisha mjini mikono mitupu. Akikunyima usimkasirikie yeye. Wale binamu zako nao wana watoto.

Najua ninalokutaka. Inakubidi umpigie mkuu wa safari leo hii umwambie kilindi cha Makunduchi hakina ushahidi. Atakuuliza umejuaje, na jibu ni kwamba mama yako alidanganya. Anaweza kukasirika. Anaweza kumpa mwingine nafasi yako, na mwaka mzima wa kazi yako ukaishia bandarini. Nitakuwa nimekuharibia mimi, si mtu mwingine, na sitakuambia "ndiyo mipango ya Mungu" ili nijifiche nyuma yake.

Nilifikiri kunyamaza. Ningekusindikiza kesho, ningekupungia mkono, na ungeondoka ukiwa bado unaniona mimi ni yule yule. Nilitaka hivyo sana, mwanangu. Mpaka leo asubuhi nilikuwa nimeshaamua hivyo. Kisha nikakuona unatia sandukuni ile penseli yangu ya kituoni, ile fupi, imebaki kama kidole gumba. Nikakuuliza ya nini na melini zimejaa mpya. Ukasema, "Hii ina baraka, mama. Lebo zote za safari ntaziandika nayo." Nikatoka nikaenda kukaa chooni mpaka ukagonga mlango.

Tiketi yako ya boti ya asubuhi nimeibadilisha. Utaondoka na ile ya saa kumi jioni. Nimefanya bila kukuuliza, na hilo nalo nakuomba radhi, lijumlishe kwenye hayo mengine. Mjomba wako nimempigia simu, anakungoja kesho saa moja asubuhi. Ukitaka nikufuate Nungwi, nitakuja. Ukitaka kwenda peke yako, au usitake kunisemesha njia nzima, nitakuelewa na nitakaa kiti cha nyuma. Ukifika, anza na shikamoo. Samaki baadaye.

Zile lebo mbili za Makunduchi zimo chupani huko Dar, kwa mwalimu wako, alikohamishiwa Bi Macho kituo kilipofungwa. Usizitoe. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba jina lililokosewa halifutwi, na lebo ya zamani nayo haitupwi, mpya inawekwa ubavuni mwake. Acha wauone mwandiko wangu, na waone ulivyokuwa mzuri. Nimeandika ya tatu, imo ndani ya bahasha hii. Niliiandika kwanza kabla ya barua, na safari hiyo mkono ulitulia.

Nasikia viatu vyako ngazini, na baba yako anakuuliza umekula mara ngapi. Bahasha nitaiegemeza kwenye kikombe chako cha chai. Nitakuwa ukumbini. Sitakimbilia jikoni.

Akupendaye, aliyekukosea,

Mama yako, Salma

Samaki wa gegedu, kundi la vichwa vizima, pua butu. Dume.
Mvuvi: Makame, mjomba wa Nasra.
Kina: pima 200.
Aliyeandika: Salma, mfagiaji. Lebo mbili za mwanzo ni za uongo.
Mahali:

Penseli unayo wewe.